Si Spika, ni Antena

Watu wa jiji wakikodi vyombo vya sauti kwa arusi au mazishi, swali la kwanza huwa ni spika ngapi. Antena haimo katika hesabu. Ama kwa hakika, kwa miaka yote niliyobeba nyaya kila Jumamosi, hapo ndipo nimeona maneno ya watu yakipotelea.

Maikrofoni isiyo na waya ni kituo kidogo cha redio mkononi mwa msemaji. Nguvu zake ni haba, kwa kawaida miliwati 10 hadi 50 tu, na miili ya wageni, iliyojaa maji, huyafyonza mawimbi yake. Asubuhi hema likiwa tupu, fundi huhesabu "moja, mbili, tatu" na sauti huwa safi. Wageni 300 wakisimama, mambo hubadilika.

Katika arusi moja mtaani Buruburu, ambako nilikuwa mgeni tu, nyanyake bi arusi alisimama kutoa baraka. Kipokezi kilifichwa chini ya meza, nyuma ya kitambaa, ili picha zipendeze. Sauti ikaja vipandevipande. Bintiye akamsihi, "Mama, rudia."

"Nimekwisha sema, mwanangu," ajuza akajibu, akaketi.

Kipokezi kile kingeinuliwa kwenye stendi, juu ya vichwa, pahali panapomwona msemaji, tungesikia yote. Zile antena zake mbili fupi hupanuliwa kama herufi V, wala si urembo: mawimbi hugonga mabati na vyuma yakarudi yakigongana, na pale antena moja inapokosa, ya pili hunasa.

Mafundi wengine hukimbilia ile antena bapa mfano wa pezi la papa. Ni nzuri uwanjani, kwani husikia zaidi upande ilikoelekezwa. Lakini mhubiri akishuka jukwaani na kupita nyuma yake, imempa kisogo! Tena ukiiunganisha kwa waya mwembamba wa mita 30, waya huo huweza kumeza faida yote. Kwa hema la kawaida, sioni haja yake.

Binamu yangu anaoza bintiye mwezi ujao. Nimemwambia aondoe spika mbili katika orodha, akodi stendi, na meza ya fundi iwekwe mbele, picha zipendeze zisipendeze.