Mahali pa Kuharibu Bila Hofu: Seva ya Mazoezi Chuoni

Kila stadi ina vifaa vyake vya kuharibia. Anayejifunza ushoni hupewa vitambaa chakavu kabla ya kukabidhiwa kitambaa cha mteja. Anayejifunza useremala huanza na mabaki ya mbao. Na mtoto wa Darasa la Kwanza huandika herufi mchangani au kibaoni kabla ya kupewa daftari. Walimu waliotutangulia waliifahamu vyema faida ya kibao. Herufi iliyokaa vibaya ilifutwa kwa kiganja, kibao kikawa kipya, na mtoto akajaribu tena. Hapakuwa na aliyeona kwamba kufuta huko ni hasara. Somo la kompyuta nalo linahitaji kibao chake. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tulivyokitengeneza chuoni kwetu hapa Tabora, na kwa nini naamini kwamba mwalimu yeyote atakayeifundisha stadi hii hana budi kuwa nacho.

Yafaa kwanza nieleze kazi yenyewe. Wanachuo wetu huandaa maazimio ya kazi kwa vikundi vya watu watano au sita. Kila mmoja huirekebisha nakala yake, na baada ya juma moja huwapo mafaili manane yaitwayo "azimio la mwisho", "azimio la mwisho kabisa" na "azimio sahihi". Hakuna ajuaye lipi ndilo. Dawa ya maradhi haya ni mfumo wa kudhibiti matoleo, yaani programu inayotunza kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya, wakati alipolifanya na maelezo aliyoyaandika, ili toleo lolote la nyuma liweze kurejewa. Mifumo ya namna hii si mipya. Marc Rochkind alianza kuutengeneza mmoja wa kwanza, uitwao SCCS, katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1972. Na mwaka 2005 Linus Torvalds aliianzisha Git kwa ajili ya kazi ya mfumo wa Linux. Sisi tunatumia Git kwa kuwa haina malipo na kwa kuwa hufanya kazi hata intaneti isipokuwepo. Inatosha kuwa na kompyuta moja iliyofanywa seva, ambamo hukaa ghala la matoleo, na waya za kuiunganisha na kompyuta nyingine za maabara.

Ugumu tulioupata haukuwa wa programu. Ulikuwa wa hofu. Katika mwaka wa kwanza wa somo hili tulikuwa na ghala moja tu, na humo ndimo wanachuo walimojifunzia na ndimo walimohifadhi kazi zao. Siku moja mwanachuo wa mwaka wa pili, msichana hodari, alipeleka kazi yake sevani ikakataliwa kwa sababu mwenzake alikwisha kutangulia kupeleka yake. Badala ya kuichukua kwanza kazi ya mwenzake na kuiunganisha na yake, aliiamuru Git ipokee kwa nguvu. Ikapokea. Matoleo ya wenzake yakatoweka katika ghala. Kwa bahati njema nakala zilikuwamo katika kompyuta ya mmoja wao, na kabla ya jua kutua tulikwisha kuzirejesha. Lakini kwa majuma mawili msichana yule hakugusa tena kibodi. Alikaa pembeni akaandika kumbukumbu za kikundi kwa kalamu, na alipoulizwa alijibu, "Mwalimu, waache wenzangu wafanye. Mimi nitaharibu." Kilichonisumbua zaidi ni kwamba wenzake nao walijifunza somo lile lile. Darasa zima likawa linangoja wawili watatu wenye ujasiri wafanye, na wengine wakatazama.

Mwalimu mwanafunzi anayetazama tu hatajifunza, na mwaka utakaofuata atasimama mbele ya watoto akiwa na hofu hiyo hiyo, awaambie, "Msiguse." Kwa hiyo tuliamua kutenganisha mahali pawili. Palikuwa na kompyuta kuukuu iliyowekwa stoo. Tukaifanya seva ya mazoezi, isiyohifadhi chochote cha thamani. Kazi za kweli zikabaki katika seva nyingine, yenye nakala za akiba.

Hapo lilizuka swali la pili. Seva ya mazoezi ikiharibiwa kila siku, nani ataitengeneza kila siku? Katika chuo kimoja nilichopata kufundisha zamani, seva ya maabara iliwekwa na fundi mmoja hodari sana. Fundi huyo alipohamishwa, ujuzi wote ulihama naye. Tulibaki na karatasi yenye nywila na hatukuwa na maelezo mengine yoyote. Seva ilipokwama, ilikaa muhula mzima chini ya kitambaa cha kuzuia vumbi. Jambo lililokaa katika kichwa cha mtu mmoja si mali ya chuo. Ni mali ya mtu huyo, naye hupanda treni nalo.

Sisi tunaoishi Tabora tuna mfano wa karibu wa jambo hili. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ya Bagamoyo ilifika Unyanyembe, na hapa njia ziligawanyika: moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika Kaze tarehe 7 Novemba 1857. Wapagazi wao Wanyamwezi walikuwa wamefika kwao, wakatawanyika, na msafara ukalazimika kuundwa upya kabla ya kuendelea. Livingstone naye alikaa Kwihara hadi Agosti 1872 akingoja watu ambao Stanley aliwatuma kutoka pwani. Msafara uliweza kuvunjwa na kuundwa tena kwa sababu utaratibu wake ulijulikana na wengi: uzito wa mzigo, kiasi cha posho, nafasi ya kirangozi aliyetangulia mbele, na jinsi ya kuweka kambi jioni. Mpagazi aliyepata kusafiri na msafara mmoja aliweza kuingia katika mwingine akajua kazi yake. Nisieleweke kwamba naisifu biashara ya njia ile. Ilibeba pembe za ndovu na ilipitisha watumwa, na wale waliofia njiani hakuna utaratibu uliowarudisha. Tofauti hiyo, baina ya kinachoweza kuundwa upya na kisichoweza, nitairejea hapo chini.

Basi tuliuandika utaratibu wa seva yetu. Maandishi hayo huitwa skripti, yaani orodha ya amri zilizowekwa katika faili moja, ambazo kompyuta huzitekeleza moja baada ya nyingine bila mtu kuziandika upya. Skripti yetu ina hatua tano.

Kwanza, hukagua jina la mashine. Isipolikuta jina la seva ya mazoezi hukataa kuendelea. Hatua hii ni fupi kuliko zote, nayo ndiyo iliyojadiliwa zaidi, kwa kuwa skripti yenye uwezo wa kufuta ikiendeshwa katika seva ya kweli italeta msiba.

Pili, hufuta. Huondoa maghala yote ya mazoezi na akaunti za wanachuo, bila kuacha mabaki.

Tatu, husakinisha. Huweka Git na programu ya kuwawezesha wanachuo kuingia sevani kutoka kompyuta nyingine. Vifurushi vya programu hizo tumevihifadhi katika diski yetu wenyewe, ili kazi isikwame siku intaneti isipopatikana.

Nne, hujaza. Hufungua akaunti moja kwa kila kikundi, na hutengeneza ghala lenye azimio la kazi la Darasa la Nne, matoleo matatu, matawi mawili na mgongano mmoja tuliouweka kwa makusudi. Kila kikundi huanza mahali pamoja na wenzake.

Tano, hujipima. Skripti yenyewe huchukua nakala ya ghala, huongeza mstari mmoja, huupeleka sevani, hulinganisha, kisha huondoa mstari huo. Mambo yakienda sawa huandika neno moja: "Tayari."

Kuna sharti mbili ambazo mwandishi wa skripti ya namna hii hana budi kuzitimiza. La kwanza, amri ikishindikana, skripti isimame papo hapo na kutaja iliposhindikia. Isiendelee mbele kana kwamba hakuna kilichotokea. La pili, skripti ikiendeshwa mara moja au mara tatu mfululizo, matokeo yawe yale yale. Isidhani kwamba seva ni tupu, wala isidhani kwamba imejaa. Umeme hukatika katikati ya kazi, na atakayewasha tena seva aweze kuanza mwanzo bila kujiuliza ilikuwa imefika wapi. Kadhalika, skripti yenyewe imo katika ghala la matoleo la seva ya kweli, hivyo kila aliyeirekebisha anajulikana, na sababu yake imeandikwa.

Sasa nieleze tunavyofundishia. Katika kipindi cha kwanza siwaonyeshi wanachuo namna ya kutumia Git vizuri. Nawaambia waiharibu. Wawili wawili hufuta matoleo, hugonganisha matawi, hupeleka kazi kwa nguvu. Mwanzoni hucheka kwa woga. Baada ya nusu saa chumba huwa na kelele za watu wanaofanya kazi. Kisha mmoja wao, wala si mimi, huendesha skripti. Sote husubiri dakika chache. Neno "Tayari" linapotokea, ghala ni kama lilivyokuwa asubuhi. Msichana niliyemtaja alikuwa miongoni mwa waliokuwapo tulipoijaribu mara ya kwanza. Aliendesha skripti mara mbili, ya pili bila kuambiwa. Kisha akarudia kosa lake la zamani kwa hiari yake, ili aone hasa lilitokeaje.

Wapo wakufunzi wenzangu waliopinga. Walisema kwamba anayejua kila kitu kitarejeshwa atakuwa mzembe. Hoja hii ina uzito, na hatukuipuuza. Tuliweka kanuni kwamba kikundi hakiruhusiwi kuendesha skripti kabla hakijaandika katika daftari la maabara mambo matatu: walichotaka kufanya, kilichotokea, na amri iliyosababisha. Daftari hilo limekuwa kitabu chetu bora cha kiada, kwa maana kila kosa lililoandikwa humo ni la hapa hapa, na aliyelifanya yupo wa kulieleza.

Kanuni ya pili ni kali zaidi. Kila Ijumaa saa nane mchana seva ya mazoezi hurejeshwa katika hali ya mwanzo, wala hakuna rufaa. Kikundi kimoja kiliwahi kuacha humo azimio zuri la juma zima, likafutika. Walinijia wamekasirika. Niliwauliza kama walijua siku, saa na mahali pa kazi ya kweli. Walijua. Wakakaa Jumamosi kuliandika upya, na tangu hapo sijaona kikundi kikiacha kazi ya thamani mahali pa kujaribia. Naamini walijifunza jambo ambalo hotuba yangu isingewafunza: mahali pa kuharibu na mahali pa kuhifadhi ni pawili, na jukumu la kuhamisha kilicho bora ni la mwenye kazi.

Ndugu mwanachuo, hapa ndipo ninapoirejea ile tofauti. Mtoto si seva ya mazoezi. Ukimwaibisha mbele ya wenzake kwa sababu hakujua kusoma, hakuna skripti itakayomrejesha katika hali ya asubuhi. Ndiyo maana chuo kina ufundishaji wa kiduara, ambapo unawafundisha wenzako kwa dakika chache, unakosea, unakosolewa, unarudia. Hicho ndicho kibao chako. Kitumie kwa ujasiri, uharibu humo kila linaloweza kuharibika, ili utakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha makosa makubwa uwe umekwisha kuyaona.

Utakapopangiwa shule, huenda ukakuta kompyuta moja, au usikute hata moja. Utaratibu huu hauhitaji kompyuta ili uanze. Chagua kazi moja ya darasa ambayo wewe peke yako ndiwe unayejua namna ya kuipanga upya: kona ya vitabu, kabati la zana, meza ya sayansi. Andika hatua zake katika karatasi moja, kwa mpangilio, na hatua ya mwisho iwe ya kukagua kwamba kila kitu kipo. Ibandike ukutani. Kisha vuruga meza hiyo mwenyewe, mpe karatasi mtoto wa Darasa la Tano, ukae kimya umtazame. Atakapokwama, usimsahihishe yeye, sahihisha karatasi.