Kontena na Kumbukumbu

Kwa mwenyeji wa Mombasa au Dar es Salaam, kontena ni sanduku la chuma bandarini: hupakuliwa, huhamishwa, na likizeeka huondolewa kazini, wala hakuna anayelililia. Mafundi wa kompyuta wameliazima neno hilo kwa maana hiyohiyo. Programu hufungwa pamoja na vyote inavyovihitaji. Toleo jipya likitoka, kontena la zamani huondolewa na jingine husimamishwa mahali pake.

Tangu Desemba 2018 Amazon ina vituo vya seva katika eneo la Stockholm, kwa hiyo “wingu” lina ardhi yake huko. Tumfikirie Mkenya aishiye mjini humo, akisasisha usiku OpenMRS ya zahanati iliyo mbali. Programu hiyo si ngeni kwake. Ilianzishwa mwaka 2004, ikirithi uzoefu wa mfumo uliowekwa mwaka 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret.

Kubadili kontena ni kazi ya dakika chache. Hofu iko kwingine. Kumbukumbu za wagonjwa zikiwekwa ndani ya kontena, hufutika pamoja nalo. Kwa hiyo hutunzwa nje, katika hifadhidata. Toleo jipya linapowashwa hubadili muundo wa hifadhidata hiyo. Kontena la zamani laweza kurudishwa, lakini muundo wa zamani haurudi nalo. Fundi mwangalifu hunakili kila kitu kwanza, kisha huifungua nakala kwenye seva nyingine na kuikagua, kwani nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Hata hivyo, kumbukumbu zaweza kusalimika zote na bado zikasalitiwa. Februari 2019 iligunduliwa nchini Uswidi kwamba rekodi milioni 2.7 za simu zilizopigwa 1177, namba ya ushauri wa afya, zilikuwa kwenye seva iliyo wazi intanetini bila nywila. Wakazi wa Stockholm walikuwa miongoni mwa waliopiga. Mitambo haikusimama, hakuna aliyeuliza kama mlango umefungwa.

Mama anayemweleza tabibu ugonjwa ambao hajamwambia hata mumewe hajui kontena wala wingu. Siri yake ameikabidhi kwa mtu, na kila toleo linapobadilika lazima awepo mtu wa kuipokea.