Magoti Yanapogusana

Kila asubuhi tunaenda darasani kwa Land Rover 109, ya toleo lililoundwa kati ya 1971 na 1985. Imetuzidi umri sote, hata sisi tuliotimiza miaka 25. Hiyo namba 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Bodi yake ni ya aluminiamu, kwa hiyo haishiki kutu; fremu ya chini ni ya chuma, nayo tunaisugua na kuipaka rangi kila likizo.

Wanaotutakia mema wanauliza lini tutapata Hiace. Ina viti laini, kweli. Lakini ndani yake kila mtu hutazama kisogo cha mwenzake. Nyuma ya Land Rover yetu kuna mabenchi mawili yanayotazamana, na magoti hugusana.

Muhula uliopita wenzetu wawili walikuwa hawasemezani. Kwa siku kumi walipanda gari wakikwepana macho. Siku ya kumi na moja tulipita kwenye shimo, mmoja akarushwa hadi mapajani mwa mwenzake. Tulicheka sote, na wao wakacheka. Jioni walienda pamoja bustanini kumwagilia mchicha.

Aristotle alifundisha kwamba binadamu kwa maumbile yake ni wa kuishi na wenzake. Darasani tunaliandika daftarini. Njiani tunalifanyia mazoezi.

Hiace ikija tutashukuru. Tutamwomba fundi ageuze viti tu.