Mbwa wa Baba na Wajina Wake

Katika mtaa wa Umoja ninakoishi, mbwa ni yule anayelala penye taka nyuma ya soko. Mwenye nyumba wetu hataki hata paka. Kwa hivyo mwanangu alipofikisha miaka 11, na baba akapiga simu kutoka Mutomo, Kitui, kusema, "Mlete wajina wangu Desemba, mbwa wanamngoja," nilijua nimewekwa njia panda.

Msomaji, sisi ni Wakamba, na katika ukoo wetu mvulana wa umri huo hupelekwa kuwinda na mbwa. Babu alikuwa msasi wa upinde hadi mwaka wa 1977, Rais Jomo Kenyatta alipopiga marufuku uwindaji nchini. Upinde aliutundika. Mbwa hawakusomewa tangazo. Baba, aliyefanya kazi ya reli na kutulea katika nyumba za Makongeni, hakukosa kwenda nyumbani kila Krismasi, na zamu yangu ilifika Desemba 2000. Tulitoka alfajiri, maana harufu ya mnyama hukaa ardhini kukiwa na umande. Jua likipanda, pua ya mbwa huhangaika bure. Njuga zililia kichakani, zikanyamaza, kisha nikasikia digidigi akilia kama mtoto. Baba alinipa ini. Nililila. Usiku ule sikupata usingizi, na sikumwambia mtu.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 haimruhusu mtu kuwinda hata kwa kitoweo cha nyumbani. Nilimwambia baba hivyo tulipowasili. Akacheka. "Nyama ya mbuzi mnanunua Burma, na hamwulizi alilia vipi."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Lakini nilishikilia yangu: mbwa wawe wamechanjwa, wafungwe kamba, na tusiue.

Asubuhi iliyofuata baba alimwonyesha mjukuu wake nyayo, kisha rundo la mavi ya digidigi. Akamweleza kwamba wanyama hao huishi wawili wawili, dume na jike, na hurudi papo hapo kuweka mpaka wao. Mimi sikuwahi kuambiwa hayo. Pengine siku yangu tulikuwa na haraka. Ghafla yule mbwa mwekundu akachomoka na kamba yake.

Tulisikia njuga zikienda mbio. Baba alitia vidole viwili kinywani, akatulia. Nilimtazama. Sijui alikuwa akimfikiria babu au mimi. Hatimaye akapiga mluzi, mmoja mrefu, na baada ya kitambo mbwa akarudi akihema, kinywa kitupu. Baba hakunisemesha mpaka jioni.

Kwenye basi la kurudi Nairobi mwanangu alijaribu mluzi ule tangu Kitui mjini. Yalitoka mate tu, na mama aliyeketi mbele yetu akafunika shingo kwa leso. Tulipokaribia Mlolongo ukatoka, na dereva akafunga breki akidhani ni makanga.