Toleo Jipya na Waya wa Zamani

Mwishoni mwa Mei mwaka huu wa 2025, mfumo endeshi wa kompyuta ninayoitumia hapa Chukwani utaacha kupokea masahihisho ya kawaida ya usalama. Mfumo wenyewe ni Ubuntu 20.04, uliotolewa Aprili 2020. Watengenezaji wake huyapa matoleo majina ya wanyama, na hili lilipewa la fosa, mla nyama wa Bukini, jirani yetu wa baharini. Ahadi ilikuwa miaka mitano, nayo inatimia. Swali ninaloulizwa na wanafunzi ni jepesi kulitamka: Mwalimu, unahamia toleo jipya au unabaki?

Katika chumba cha wahadhiri nilijibiwa kwa methali mbili. Mmoja alisema haraka haraka haina baraka. Mwingine akadakia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Ndivyo tulivyo Waswahili: hatukosi methali kwa kila upande, na kwa hiyo methali haziamui kitu.

Kutoka 20.04 mtu haruki moja kwa moja hadi 24.04, hupita kwanza 22.04. Ni safari mbili, kila moja ikipakua programu nyingi kwa bando la kulipia, na ikitaka umeme usiokatika katikati. Betri yangu imechoka, haifikishi nusu saa. Hayo, hata hivyo, ni madogo. Zito kwangu ni R, programu ninayochambulia takwimu za utafiti. Iliyokuja na 20.04 ni toleo la 3.6, inayokuja na 24.04 ni la 4.3. Katikati yao, mwaka 2020, desturi moja ya zamani ilibadilishwa: safu za maneno katika jedwali, ambazo awali zilichukuliwa zenyewe kuwa makundi, sasa husomwa kama maneno tu. Kwa asiyehusika ni jambo la kupita. Kwangu mimi, mwenye majibu ya mamia ya kaya yaliyoandikwa "mjini" na "shamba", maana yake ni kwamba amri nilizoziandika kwa tasnifu yangu ya uzamivu zinaweza kukwama au, vibaya zaidi, kutoa jedwali lisilo lile. Na amri hizo hivi sasa zinatumiwa na wanafunzi wawili wa uzamili wanaotarajia kuwasilisha kazi zao Julai. Mtahini akiuliza namba hii imetokaje, kumwambia kwamba kompyuta ya mwalimu ilibadilishwa si jibu.

Basi kwa nini nisibaki? Kwa sababu kubaki nako ni uamuzi, na una gharama yake. Waya wa umeme wa chini ya bahari, uliotuunganisha na Bara kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ulianza kazi mwaka 1980. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 giza likarudi, likakaa hadi Machi 2010. Waliokuwa wanafunzi wakati ule wanakumbuka jenereta, mishumaa na foleni za maji. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013. Umri wa ule wa kwanza haukuwa siri kwa yeyote aliyejua kuhesabu. Ila ulikuwa bado unafanya kazi, na ofisini ni vigumu kuombea fedha kitu ambacho bado kinafanya kazi.

Nimelikuta jambo hilo hilo katika maabara moja ya kompyuta ninayosaidia kuisimamia. Ina mashine ishirini, zote za 20.04. Nilipouliza habari za kuhamia toleo jipya niliambiwa: "Dokta, si ni bure?" Naam, leseni ni bure. Siku mbili za fundi si bure, bando si bure, na diski za kuhifadhia nakala za kazi za wanafunzi si bure. Bajeti zetu zina kifungu cha kununua. Kifungu cha kutunza aghalabu hukitafuta usikione. Na ninyi watumishi wa umma mnaotumia Windows 10 msinicheke: nayo inafikia kikomo tarehe 14 Oktoba mwaka huu, na Windows 11 hazikubali rasmi kompyuta nyingi za zamani. Sijui ni idara ngapi zimekwisha kuhesabu mashine zao.

Nimeamua hivi. Kompyuta yangu ya kazi itabaki 20.04 hadi wanafunzi wangu wawasilishe. Kampuni ya Canonical humruhusu mtu binafsi kuandikisha mashine zake hadi tano bila malipo, na ulinzi ukaendelea hadi 2030. Wakati huo huo ile ya zamani iliyoko nyumbani naihamishia 24.04, niziendeshe amri zote katika mashine mbili na kulinganisha jedwali kwa jedwali. Maabara haina nafasi hiyo ya kungoja. Kwa kuwa kumbukumbu ya mashine zake ni gigabaiti nne tu, nimependekeza ziishie 22.04, ambayo italindwa hadi 2027. Wapo watakaosema nimeogopa. Barua ya kuomba siku mbili katika likizo ya Idi, pamoja na fedha za bando na diski, nimeipeleka Jumatatu, bado haijajibiwa.