Tuhesabu Vichwa

Kama umekulia Kariakoo unajua kwamba ukiulizwa nyumbani mko wangapi, jibu haliji haraka. Sisi pale Mtaa wa Sikukuu tuko tisa, na shule zikifungwa tunafika kumi na mmoja. Kaka ana fremu ya mashuka, shemeji ni mwalimu, mimi nahangaika na kalamu na vibarua. Hatulali njaa. Ada zinalipwa, japo kwa mafungu. Julai 2020 Benki ya Dunia ilipoiingiza Tanzania kwenye nchi za kipato cha kati nilijisemea, basi hao wa kati kama si sisi ni nani?

Desemba iliyopita watoto walitaka kwenda kuteleza kwenye maji. Walianza kwa mama yao, wakahamia kwangu: "Ba'mdogo, tupeleke." Sehemu za namna hiyo Dar zipo, Kunduchi kwa mfano, na nyingine ng'ambo ya kivuko, Kigamboni. Jioni kaka alirudi dukani na kalkuleta, akageuza risiti ya zamani, akaandika majina yetu yote kumi na moja.

Nauli haikumtisha. Kilichomtisha ni kiingilio, maana ni cha kichwa kimoja kimoja, na getini hakuna tiketi ya ukoo. Pale tulipoulizia walisema chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi, kwa hiyo na pilau ya shemeji ingebaki nyumbani. Kaka akaanza kukata majina. Alijikata yeye, akanikata mimi (sikulia, lakini nilikuwa nimeshanunua bukta). Akamkata binti anayetusaidia kazi, ambaye naye ni mtoto tu, bwana, ana miaka kumi na saba. Kisha kalamu ikasimama juu ya jina la mtoto wa dada yetu aliyeletwa kutoka Morogoro kusoma. Shemeji alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua uso. "Huyo ukimkata," alisema, "kata na wa kwako."

Kalamu ikawekwa chini.

Watu husema starehe hizi zimepanda bei, na ni kweli. Hata Disneyland ya Marekani, ilipofunguliwa mwaka 1955, mtu mzima aliingia kwa dola 1, lakini Oktoba 2024 tiketi ya siku zenye watu wengi ilipandishwa mpaka dola 206. Wazazi wa kule nao wanalia. Ila mimi kinachonikereketa zaidi ya bei ni namna ya kulipa. Ile dola 1 ilikuwa ya kuingia tu, michezo ulilipia mmoja mmoja, na vitabu vya tiketi za michezo viliendelea mpaka mwaka 1982. Bibi aliyekuja kushika viatu vya wajukuu hakulipia bembea asiyoipanda.

Si ndivyo ilivyokuwa sikukuu ya Idi kwetu Mnazi Mmoja? Unakwenda na ukoo mzima, anayepanda bembea analipia zamu yake, aliyeishiwa hela anakula ubuyu na kuangalia. Aliyekosa bembea hakukosa sikukuu. Kiingilio kimoja kinachobeba kila kitu kinamfaa baba, mama na watoto wawili ndani ya gari. Familia yetu ya kati haina umbo hilo, na sitaki iwe nalo, maana ili tulipate ingebidi mtu arudishwe Morogoro.

Basi tulikwenda Coco Beach, wote kumi na mmoja, kwa daladala la Masaki, na pilau yetu. Bahari haina geti. Watoto walirukaruka majini, binti wa kazi alicheka mpaka akakaa chini, mihogo ya kukaanga tulikula kama mashindano. Lakini njiani kurudi yule wa Morogoro alininong'oneza: "Anko, na kule kwenye kuteleza?"

Usinidanganye kwamba mtoto haoni tofauti.

Sasa juu ya kabati kuna kopo la maziwa. Kaka anatia chochote Jumamosi biashara ikitembea, shemeji anatia mwisho wa mwezi, mimi natia nikilipwa. Wiki iliyopita tulihesabu. Zimetimia za vichwa vinne.