Sauti ya Mgeni

Mimi ni Mganda wa Masaka, nasomea ualimu wa Kiswahili, na mwimbaji nimpendaye kuliko wote ni Mtelugu aliyefariki Chennai tarehe 25 Septemba 2020. Jina lake ni S. P. Balasubrahmanyam. Wapenzi wake humwita SPB, nami nitamwita hivyo hapa, maana jina zima ni refu kama barabara ya kwenda Gulu.

Wanafunzi wenzangu wakisikia hayo hudhani nimeingia katika mambo haya juzi, kupitia filamu ya RRR na ule wimbo wake uliopata tuzo ya Oscar mwaka 2023. Wimbo ule ni mzuri kwa miguu. Kwa masikio nina nyimbo nyingine.

Kwetu Uganda filamu ya nje haitazamwi kimya. Yuko VJ, mtu mwenye maikrofoni anayetafsiri kwa Kiluganda huku filamu ikiendelea, akiwapa wahusika majina ya kwetu na kuwatania. Wakenya wanaye DJ Afro, anayesimulia filamu kwa Kiswahili cha mtaani. Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha video chenye mabenchi ya mbao na jenereta nyuma ya ukuta, na nusu ya nilichotazama humo tulikiita "filamu za Kihindi".

Nyingi hazikuwa za Kihindi. Zilitengenezwa Chennai au Hyderabad kwa Kitamil au Kitelugu, zikatiwa sauti za Kihindi kwa ajili ya watu wa kaskazini ya India, kisha zikafika kwetu, VJ akaweka Kiluganda juu ya Kihindi. Yaani shujaa anafungua kinywa kwa Kitelugu, inatoka sauti ya Kihindi, nasi tunasikia Kiluganda. Hakuna aliyelalamika. Lakini kusini ya India zipo lugha kubwa nne, Kitamil, Kitelugu, Kikannada na Kimalayalam, na hizo si za ukoo mmoja na Kihindi. Kitamil na Kihindi vinatofautiana kama Kiluganda na Kiacholi. Mtu akiniambia kwamba huko kote wanasema "Kihindi", huwa namwuliza kama Waafrika wote wanasema "Kiafrika". Hapo huelewa upesi.

Katika kibanda, nyimbo ndizo zilizoumia. Wimbo ukianza, VJ alipata nafasi ya kunywa maji, kuwasalimu wateja na kutangaza duka la simu. Mara nyingine mwenye mashine aliuruka kabisa ili filamu ya pili iwahi kuanza. Kwa hiyo nilikua nikijua filamu hizi bila muziki wake, kama mtu anayejua harusi kwa kusimuliwa tu.

Muziki niliupata baadaye, nilipokuwa na simu yangu. Wa kwanza kunishika ulikuwa "Rakkamma Kaiya Thattu" wa filamu ya Kitamil Thalapathi, ya mwaka 1991, iliyoongozwa na Mani Ratnam. Aliyeutunga ni Ilaiyaraaja, na anayeimba ni SPB pamoja na Swarnalatha. Mwaka 2002 BBC ilipowauliza wasikilizaji wake duniani nyimbo wanazozipenda kuliko zote, huu ulishika nafasi ya nne. Unaanza kwa vinanda vingi vinavyokimbizana, kisha ngoma, kisha SPB anaingia akicheka ndani ya sauti. Watu wanacheza usiku kuzunguka moto. Halafu, katikati ya fujo hiyo, ngoma zinanyamaza na zinasikika sauti za wanawake wakiimba shairi la ibada la Kitamil la karne ya 7. Wachezaji wanasimama. Shujaa ambaye dakika moja iliyopita alikuwa akirukaruka anabaki kutazama tu. Kisha ngoma zinarudi. Mara ya kwanza nilidhani simu yangu imeharibika na kuchanganya nyimbo mbili.

Katika filamu hizi mwigizaji haimbi. Anachezesha midomo tu, na sauti ni ya mtu mwingine aliyerekodi studio. Kila mtazamaji analijua jambo hili na hakuna anayeliona kuwa ni udanganyifu. Waimbaji wa studio wana majina makubwa kama waigizaji. SPB alikuwa akibadilisha sauti yake kufuata uso utakaoivaa: akimwimbia Rajinikanth ina kishindo, akimwimbia Kamal Haasan inalainika. Filamu za Kamal Haasan zilipotafsiriwa kwa Kitelugu, mara nyingi ni SPB aliyesema maneno yake pia, si nyimbo tu. Alikuwa mwimbaji na VJ kwa pamoja!

Sasa nifike kwenye jambo linalonihusu.

Sisi Waganda tuna shida ya "r" na "l". Katika Kiluganda herufi hizo hazishindani: baada ya "e" na "i" huja "r", na kwingineko huja "l". Kwa hiyo Mganda akisema Kiswahili, "mbele" huwa "mbere", "pilipili" huwa "piripiri", na "habari" huwa "habali". Mwaka jana tulisafiri kwenda nchi jirani kukutana na wanafunzi wengine wa Kiswahili. Nilisoma insha yangu mbele ya ukumbi mzima. Hoja zangu hazikuulizwa hata swali moja. Kilichobaki katika vinywa vya watu wakati wa chai ni "mbere", na kijana mmoja alinisalimu "habali" siku tatu mfululizo, kwa upendo, alivyodai. Nilirudi Kampala nikijiuliza kwa dhati kama inafaa mtu mwenye ulimi kama wangu asimame mbele ya watoto kufundisha lugha hii.

Usiku ule katika basi nilikuwa nikimsikiliza SPB, na kwa mara ya kwanza nilimfikiria kama mwanafunzi wa lugha. Alizaliwa mwaka 1946 katika familia ya Kitelugu. Kitamil kilichompa mashabiki mamilioni hakikuwa lugha ya mama yake. Tena jina lenyewe la lugha hiyo linaishia kwa sauti ambayo Kitelugu hakina, sauti ambayo ulimi hujikunja nyuma na kukaa mahali fulani katikati ya "r" na "l". Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu hadi jirani yangu akafungua macho. Mtu huyu aliitamka sauti ile mbele ya Watamil kwa zaidi ya miaka 50, nao wakamlilia alipokufa.

Mlango wa Hindi haukuwa rahisi kwake pia. Mwaka 1981 mwongozaji K. Balachander, Mtamil, alitengeneza filamu ya Kihindi iitwayo Ek Duuje Ke Liye, kuhusu kijana Mtamil na msichana wa kaskazini wanaopendana bila kujua lugha ya mwenzake. Watunzi wa muziki, Laxmikant na Pyarelal, walisita kumpa SPB nyimbo hizo kwa kuhofia lafudhi yake ya kusini. Balachander aliwajibu kwamba kijana wa filamu ni mtu wa kusini, naye Kihindi hakijui vizuri. Lafudhi hiyo ndiyo hasa inayotakiwa. SPB akaimba, na kwa kazi hiyo akapata tuzo ya taifa ya India. Jumla alipata tuzo hizo sita, katika lugha nne: Kitelugu, Kihindi, Kikannada na Kitamil.

Ndani ya filamu kuna wimbo mmoja ambao mwalimu yeyote wa lugha angeupenda. Kijana, akiwa amekwama ndani ya lifti na mpenzi wake, anamwimbia wimbo uliotungwa kwa majina ya filamu za Kihindi tu, jina baada ya jina. Hana sarufi. Ana msamiati wa mabango ya sinema, na anautumia wote.

Sitaki kusema kwamba matamshi si kitu. SPB mwenyewe asingekubali. Kwa miaka mingi aliendesha kipindi cha televisheni cha Kitelugu kiitwacho Padutha Theeyaga, cha kuwalea waimbaji chipukizi, na baadhi ya sehemu zake nimezitazama mara nyingi nisipojua hata neno moja. Mtoto anaimba, anamaliza, na SPB anatabasamu. Kisha anachukua neno moja alilolisikia vibaya, analitamka polepole, na mtoto anarudia. Hapigi kelele, wala hamwigizi mtoto ili wengine wacheke. Mafunzo ya ualimu niliyopewa darasani ni mazuri, lakini kuhusu kumsahihisha mtu mbele za watu nimefundishwa zaidi na vipande hivyo vya dakika tano. Siku hizi nafanya mazoezi: "mbele ya mlima mrefu", mara 20 kabla ya kulala. Kazi inakwenda. "Pilipili" bado inanishinda nikiwa na haraka.

Watoto hao watakuwapo, nitake nisitake. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, na walimu ni wachache. Wengi wetu tutakaoingia madarasani tutaingia na ndimi za Kiluganda, Kinyankole, Kiacholi na Kilugbara. Wapwani hawatoshi kuja kutufundishia wote, hata wangetaka.

Ila yupo mwanafunzi mmoja ambaye simpati kwa uamuzi wa serikali. Mama yangu alikuwa msichana katika miaka ya 1970 na 1980, na Kiswahili alikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa watu wenye bunduki. Anakielewa kuliko anavyokubali. Hajawahi kunikataza kukisoma, na karo alilipa, lakini nikifanya mazoezi sebuleni huondoka na kwenda kuangalia jiko hata kama hakuna kinachopikwa. Filamu za kusini ya India anazipenda sana, za VJ, na hulia mapema kabla ya sehemu ya kulia.

Likizo iliyopita niliuweka wimbo wa SPB kutoka filamu ya Roja, ile ya mwaka 1992 iliyomtambulisha A. R. Rahman. Ni wimbo wa mume aliyetekwa akimkumbuka mkewe. Mama alikuwa akimenya matoke. Aliacha kisu.

"Mwanangu, hiyo ni lugha gani?"

"Kitamil, Mama."

"Unakijua?"

"Hapana. Na yeye anayeimba si lugha yake."

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza wimbo unasema nini, nami, kwa kuwa maelezo niliyokuwa nimesoma yalikuwa kwenye daftari langu la Kiswahili, nikaanza kumsomea kama yalivyoandikwa. Nilifika sentensi ya tatu kabla hajachukua kisu tena. Hakuondoka. Alisema tu nipunguze mwendo, kwa sababu neno moja hakulisikia vizuri.